Majani na matawi ya uani: sheria ndogo ya usafi iseme nini?

Mwanamtaa

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa, katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Sheria ndogo ya usafi inafanyiwa marekebisho, na wakazi tumetakiwa kutoa maoni kabla rasimu haijafika kwenye baraza la madiwani. Sheria iliyopo inazitaja taka kana kwamba ni kitu kimoja: maganda, chupa, majani yaliyofyekwa na matawi ya mparachichi yote yanasubiri lori lilelile linalopita mara moja kwa wiki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, watu wanafyeka, wanazibua mitaro na kurundika majani kando ya barabara; lori halifiki hadi katikati ya wiki inayofuata, na mvua ikitangulia, marundo yote yanarudi mtaroni. Wengine huamua kuyachoma, na moshi unawatesa majirani wenye pumu. Je, kwenu majani yana utaratibu wake? Tupendekeze kanuni gani ambayo watu wa kipato cha kawaida wataimudu?

Afya ya Jamii

Ndugu Mwanamtaa, msingi wa kisheria mnao. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha aina za taka pale zinapozalishwa, kwa hiyo hamuombi fadhila. Hata hivyo, nisingeanza na faini. Mkazi anayeadhibiwa kwa kuchanganya taka, ilhali anaona zile alizozitenganisha zikichanganywa tena ndani ya lori, hataiheshimu kanuni hiyo, na mimi sitamlaumu. Andikeni kwanza wajibu wa mzoaji: siku yake, saa zake, na hatua zitakazochukuliwa asipofika. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, wamembana mzalishaji wa taka atenganishe zinazooza na zisizooza, lakini wamezibana pia serikali za kaunti ziwe na vituo vya kuzichambua. Pande zote mbili zibanwe.

Mkulima wa Uani

Naongezea kwa upande wa majani yenyewe. Majani mabichi ni mazito kwa sababu ya maji, hivyo kuyapeleka dampo ni kununua dizeli ya kusafirisha maji. Na yakishafukiwa huko bila hewa, yanaoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huchangia moto wa madampo na kuongeza joto la dunia. Majani mengi hayana haja ya kutoka kwenye mtaa. Ukipanga tabaka la majani makavu na tabaka la maganda ya jikoni, ukalinyunyizia maji liwe na unyevu bila kuchuruzika, kisha ukaligeuza kila baada ya wiki moja au mbili, kwa kawaida unapata mboji ndani ya miezi miwili hadi minne. Sehemu za baridi kama huko kwenu huenda ikachukua muda mrefu zaidi. Bustani za mchicha zinaihitaji mno. Kata ya Bonyokwa jijini Dar es Salaam kuna ushirika wa wakusanya taka unaochukua taka zilizotenganishwa nyumba kwa nyumba, na zile zinazooza hugeuzwa mboji. Kwa hiyo kanuni imruhusu wazi mwenye uwanja kuozesha majani yake mwenyewe, na mtaa utengewe eneo kwa ajili ya wapangaji wasio na uwanja.

Mwanamtaa

Nawashukuru sana. Gharama nayo inanitatiza: mpangaji wa chumba kimoja, asiye na hata mti, analipa ada sawa na mwenye uwanja mkubwa.

Afya ya Jamii

Hapo ada zitenganishwe. Ada ya mwezi ihusu taka za ndani pekee, na majani yalipiwe kwa salfeti au kwa mzigo, isipokuwa yale ya Jumamosi ya usafi, ambayo yazolewe bila malipo Jumapili au Jumatatu inayofuata, kwa sababu watu wameyatoa wakisafisha mitaro ya wote. Maguta, yale ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, yanatosha kwa kazi hiyo. Muhimu ni kutoa maoni kwa maandishi mapema, maana sheria ndogo ikishapitishwa na baraza na kuidhinishwa na Waziri, kuibadilisha ni safari ndefu.

Mwanamtaa

Tutaandika hivyo. Na ua wa michongoma unaopogolewa kila baada ya masika?

Mkulima wa Uani

Michongoma isitiwe kwenye salfeti hata kidogo, kwa sababu miba hutoboa na kuwachoma wazoaji, ambao wengi wao hawana glavu. Ikatwe vipande vifupi, ifungwe kwa kamba vishina vikielekea upande mmoja, na mzigo usizidi ule ambao mtu mmoja anaweza kuunyanyua.