Naomba ushauri: tairi la ndege lilipasuka tukitua, nina video, niipeleke wapi?

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita nilipanda kindege kidogo kutoka Dar kwenda kisiwani. Tulipogusa tu lami, tairi la kushoto likapasuka. Ndege ikavutwa upande, ikaishia kwenye majani pua ikitazama uzio. Hakuna aliyeumia, ila mama wa mbele yangu keki ya harusi aliyoipakata iliishia kifuani. Tungali tunatetemeka, mfanyakazi wa kampuni akatuambia tusirushe picha mtandaoni. Pole hatukupewa.

Mimi nilikuwa narekodi dirishani tangu tunashuka. Mlio wa tairi unasikika vizuri kabisa.

Nimejisomea kidogo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataka uchunguzi ulenge kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Ndege kuchepuka njia wakati wa kutua imetajwa humo kati ya mifano ya matukio makubwa, hata asipoumia mtu. Ile ajali ya ndege ya Bukoba ya Novemba 6, 2022, iliyoua watu 19 kati ya 43, sote tuliifuatilia. Hizi ndogo nani anazifuatilia?

Kwa ninavyoelewa, wachunguzi wa ajali wako wizarani na TCAA ni msimamizi wa usafiri wa anga. Sasa nianzie wapi? Abiria wa kawaida anapokelewa au naambiwa nipitie kampuni? Na nikikabidhi video, nibaki na nakala? Aliyewahi kuhojiwa na wachunguzi anisaidie, hata PM sawa.