Kaepernick: alikomolewa au kiwango kiliisha?

Mkweche: Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi chai ikapoa. Kaepernick, yule mchezaji wa mpira wa Kimarekani, kapiga goti wimbo wa taifa ukiimbwa 2016, anapinga polisi kuua weusi, Machi 2017 katoka timu yake ya 49ers na mpaka leo hajacheza tena NFL, ligi yao kuu. Walimkomoa au uwezo uliisha?

Kiberiti: Mkataba kauvunja mwenyewe. Msimu wa mwisho kaanza mechi 11 kashinda 1. Moja! Nyie wabeba boksi wa Marekani ndo mnamkuza.

Dada Houston: Boksi limefikaje hapa? Boksi hilohilo limemjengea mama yangu nyumba Tanga, vyumba vinne na kisima. Natoka zamu ya usiku miguu imevimba nakuta mtu kajilaza na bando la kuazima ananikejeli.

Kiberiti: Sijataja mtu. Anayewashwa ndo anajikuna.

Babu Kijiko: Huyu si ndo alifika fainali wakafungwa na Patriots?

Mkweche: Ravens, mzee wangu. 34 kwa 31, Februari 2013. Kabla ya hapo aliwakimbiza Packers yadi 181 kwa miguu yake, na huyo ni kwotabeki, mtu ambaye kazi yake ni kutupa pasi! Halafu hiyo 2016 timu nzima ilishinda 2 kati ya 16, yeye pasi zake 16 zilifunga, 4 tu ndo walidaka wapinzani. Hapo kiwango kimeishaje?

Kiberiti: Takwimu za kupamba. Kadharau wanajeshi, full stop.

Dada Houston: Mwanzo alikuwa anakaa kwenye benchi, goti alishauriana na Nate Boyer, mwanajeshi mstaafu. Ungejua kama ungekuwa unasoma badala ya kuhesabu maboksi ya watu.

Kiberiti: Aliwashtaki wenye timu kwamba wamekula njama, mwishowe kachukua hela 2019 kanyamaza. Msimamo gani huo?

Mkweche: Geuza swali kaka: kama hawakuwa na kosa, hela walitoa za nini?

Kiberiti: Muulize dada, yeye ndo yuko karibu nao huko, labda kawabebea.

Dada Houston: Ungekuwa na nauli ungekuja kuniambia usoni.

Babu Kijiko: Dada samahani, hicho kisima cha Tanga fundi alikuchaji ngapi? Wangu kala hela kaniachia shimo futi sita, kuku wanatumbukia.