Nani amewadanganya kwamba kuhamisha programu kutoka Windows kwenda Linux ni kunakili folda?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mimi naandika programu hapa Kigoma mjini. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 na mwaloni pakawa kimya, nilikaa na mama mmoja mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi tukatengeneza programu ya biashara yake. Nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Inasoma uzito moja kwa moja kwenye mzani, inaandika nani kaleta kilo ngapi, nani anadai, nani alishakopeshwa hela ya mafuta, halafu inatoa risiti. Lile daftari lake la madeni, kurasa zimeshikana kwa maji, likawekwa kabatini.

Oktoba 14, 2025 muda wa Windows 10 ukaisha. Kompyuta ya mama ni ya zamani, Windows 11 inaikataa. Fundi mmoja akamwekea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kompyuta unaokaa badala ya Windows. Hilo silipingi, hata mimi ningemshauri hivyo. Kinachoniuma ni kwamba mama alimwambia wazi kuna programu ya kazi humo, naye akamjibu: "Hiyo tunaiweka kwenye fleshi, tunairudisha, kwisha." Namba yangu imebandikwa juu ya kompyuta! Hakupiga. Kachukua hela yake kaondoka.

Giza limeanza, zile siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi wamekesha ziwani, asubuhi mitumbwi imeingia, makarai yamepanga foleni, programu haifunguki. Dagaa mbichi hawasubiri mtu, jua likipanda wanaharibika. Mama akarudi kwenye daftari, na hadi jioni watu wawili walikuwa bado wanabishana naye kilo.

Nikaenda. Ile .exe, faili la kufungulia programu, imejengwa kwa ajili ya Windows, na PyInstaller niliyoijengea haijengi ya Linux ukiwa Windows, lazima ujengee hukohuko. Sawa, nikachukua msimbo wenyewe, yale maandishi ya Python. Nauendesha, naambiwa faili halipo. Nalitazama, lipo! Nikalifungua kwa cat -A, amri inayoonyesha alama zilizofichika, kila mstari mwishoni una ^M. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, kwa hiyo mstari wa kwanza, unaotaja cha kuendeshea programu, haukuwa unaita python3, ulikuwa unaita python3 yenye kijialama kisichoonekana kimeng'ang'ania mkiani. Amri ya dos2unix ikakiondoa kwa sekunde moja, baada ya mimi kukitafuta saa nzima.

Halafu folda inaitwa Risiti, kwenye msimbo imeandikwa risiti. Windows haikujali hata siku moja, kwa Linux hivyo ni vitu viwili. Na anwani ya folda, D:\Dagaa, niliiandika mle kama ilivyo, wakati Linux haina D:. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Lakini mzani! Tuliweka juu yake dumu la maji la lita 5, mama kanisimamia begani, kioo cha mzani kinaonyesha uzito, kompyuta inasema sifuri. Kule uliitwa COM3, huku ni /dev/ttyUSB0, na hata ukishaujua jina unanyimwa ruhusa mpaka umwingize mtumiaji kwenye dialout, kundi la wanaoruhusiwa kutumia vifaa kama huo, atoke, aingie upya. Tulipoingia upya ikasoma 5.2. Mama alikaa chini akashusha pumzi.

Na nyie mnaojibu kila swali "weka Wine tu mkuu", ile ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, niliiweka kabla ya yote hayo. Dirisha likafunguka vizuri, mzani kimya. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwanza programu imeunganishwa na kifaa gani! Fundi naye alitakiwa aulize maswali mawili tu kabla ya kufuta diski: nani aliandika hii, na inategemea nini. Simu ya dakika tano. Badala yake mtu kapoteza mzigo wa asubuhi nzima na kagombana na wavuvi anaofanya nao kazi miaka.

Printa ya risiti bado. Ni ile ndogo ya karatasi ya milimita 58, inatoa nusu ya risiti halafu inakwama. Aliyewahi kuiendesha kwa Python kwenye Ubuntu aniandikie alivyofanya, siyo alivyosikia. Natakiwa niwe Kibirizi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.