Hilux ya 1994: kebo ya handbreki imekatika, niunge au nibadilishe?

Viazi_Kabale
Salaam wazee. Gari ni Hilux LN106 ya 1994, dizeli, 4x4, inabeba viazi. Mkono wa handbreki unatoka wote bila kushika. Chini, kebo ya nyuma upande wa kushoto imebakiza nyuzi mbili tu. Kabla haijakatika, tairi la upande huo lilikuwa likipata joto, na pedali ya breki sasa inazama sana ndiyo ishike. Fundi anataka kuunga kwa klempu mbili za waya. Je, kuunga kunafaa? Nibadilishe moja au zote mbili? Na lazima breki zitolewe upepo?

Spana12
Usiunge, ssebo. Klempu inateleza polepole, milimita kwa milimita, na huoni kitu mpaka siku gari limesimama mteremkoni na magunia juu. Kwa milima ya huko kwenu hilo si jambo la kujaribu.

Kutoa upepo si lazima, kwa sababu mfumo wa mafuta ya breki huufungui. Lakini pedali kuzama na kebo kukatika huenda ni ugonjwa mmoja. Kwenye ekseli hizo za 4x4, kebo haiingii ndani ya drami, kile kikombe cha chuma kinachozunguka na tairi. Inaishia nje, kwenye kiwiko cha chuma nyuma ya bamba la breki. Kiwiko hicho ndicho kinachosukuma breki shuu, vile vipande vinavyobana drami kwa ndani, na ukivuta handbreki ndipo kirekebishaji cha ndani kinapozungusha nyota yake (kigurudumu chenye meno) na kuzisogeza shuu karibu na drami. Kiwiko kikiganda kwa tope na kutu, shuu zinaisha bila kusogezwa, pedali inazama, na wewe unazidi kuvuta mkono kwa nguvu hadi kebo inakatika. Weka kebo mpya bila kulainisha kiwiko, utarudi hapa mapema.

Viazi_Kabale
Asante sana, ndugu. Kazi yenyewe nianzie wapi?

Fundi_wa_Mbale
Anza na kabari, mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Usitegemee gia: ukishainua tairi moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliruhusu kuzunguka hata gari likiwa kwenye gia, na lililobaki chini halina cha kulishikilia. Legeza nati za tairi kwa spana ya 21, piga jeki chini ya ekseli, weka stendi mbili. Matofali hapana, yanapasuka ghafla. Handbreki iwe imeachiwa kabisa.

Drami ikigoma, utaona matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake. Ingiza bolti mbili za M8, kaza zamu kwa zamu, itajisukuma yenyewe. Ikiwa imechimbika na kuacha ukingo, rudisha kwanza nyota ya kirekebishaji kwa bisibisi kupitia tundu la bamba la nyuma. Drami ikiwa nje, mtu asikanyage pedali: pistoni za silinda zitatoka na hapo ndipo utalazimika kutoa upepo kweli. Vumbi la shuu usilipulize, lioshe kwa maji ya sabuni.

Angalia unyevu. Majimaji mepesi ni mafuta ya breki, silinda inavuja. Yakiwa mazito na yananuka kama kiberiti, ni oili ya difu, sili ya ekseli imekwisha. Shuu iliyolowa oili haishiki hata ungefunga kebo ya dhahabu. Badilisha shuu za pande zote mbili.

Halafu kiwiko. Toa klipu na pini ya kebo, kisha kisukume kwa kidole gumba. Kinatakiwa kwenda na kurudi bila kubishana. Kikigoma, kifungue, sugua pini yake kwa msasa mpaka ing'ae, paka grisi inayostahimili joto, badilisha na mpira wake wa vumbi kama umechanika.

Dada_Dizeli
Niongeze kuhusu kununua. Ukimtuma mtu soko la vipuri la Kisekka kule Kampala, mpe kebo ya zamani mkononi, si jina la gari tu. Ya kushoto na ya kulia huwa hazina urefu mmoja. Apime urefu wa ganda la nje, na waya wa ndani uliochomoza ganda likiwa limesukumwa upande mmoja. Kipimo cha pili ndicho watu wanasahau: ukichomoza kidogo, kebo haifiki, ukizidi, nati ya kukazia inaisha uzi bado imelegea.

Moja au mbili? Chomoa ya kulia ncha zote mbili, uvute waya kwa mkono. Ukiteleza vizuri na ganda halijapasuka, iache. Ukikwaruza, badilisha zote. Joto lile lilitokana na waya au kiwiko kutorudi, na upande wa pili umepita kwenye tope lilelile.

Fundi_wa_Mbale
Kweli kabisa, ingawa mimi ningebadilisha zote, kazi ya kulala chini ya gari ni ileile.

Kebo mpya ipite njia ya ile ya zamani na vishikio vyake vyote, mbali na bomba la moshi, bila kona kali. Kisha kaza shuu kwanza kwa nyota mpaka drami igome, rudisha hadi tairi lizunguke kwa msuguo mwepesi. Kanyaga pedali mara kadhaa, vuta na uachie handbreki mpaka idadi ya milio ya tik-tik ya mkono wake isibadilike tena. Hapo tu ndipo ushike nati ya kebo, ukiacha ulegevu kidogo ili kiwiko kirudi mpaka mwisho wake. Wengi huanza na nati, shuu zinabaki zimeshikwa nusu, na joto linarudi.

Endesha kilomita 5, sogeza mkono karibu na kila drami. Baada ya wiki moja kagua tena, kebo mpya hujivuta kidogo.

Viazi_Kabale
Nimeelewa. Na taa ya handbreki kwenye dashibodi inayowaka hata nikiwa nimeachia?

Spana12
Pima mafuta ya breki kwenye kopo kabla ya kugusa swichi. Taa hiyohiyo huonya yakipungua.