Natafuta kanisa la kijijini la kupiga picha jioni, upande wa Tabora

Wa Isevya
Wakuu, heshima kwenu. Napiga picha za harusi na kipaimara hapa Tabora mjini, na nina vijana sita ninaowafundisha kamera. Jumamosi ya mwisho ya Septemba nataka niwatoe nje ya mji wajifunze kupiga jengo jua likizama. Nimechagua makanisa ya vijijini kwa sababu mengi yamekaa peke yake uwanjani: matofali ya kuchoma, miembe pembeni, ua uliofagiliwa mpaka unaona mistari ya ufagio.

Nimetangulia kukagua kigango kimoja njia ya Sikonge. Nilifika saa 5 asubuhi, nikakipenda mno. Juzi nikarudi saa 12 jioni: mbele yote kivuli, jua liko nyuma ya altare, na nguzo ya umeme ambayo asubuhi sikuitilia maanani imeukata mnara wa kengele katikati. Mnachaguaje? Na ruhusa inaombwa kwa nani?

Mtoto wa Katekista
Dada, pole kwa mafuta ya pikipiki, ila safari ya pili ndiyo ukaguzi wenyewe. Kanisa la kupiga jioni likague jioni.

Mwishoni mwa Septemba jua linazama karibu magharibi kamili. Simama mlangoni, upe mlango mgongo, fungua dira ya simu. Ikisoma karibu na nyuzi 270, yaani magharibi, ukuta wa mbele utapata mwanga. Usitegemee kwamba kila altare iko mashariki. Vijijini watu hujenga kufuata barabara na mteremko. Na ukirudi Desemba jua litakuwa limesogea kusini, Juni kaskazini, kwa hiyo pima upya.

Ruhusa anza kwa katekista. Ndiye mwenye ufunguo, na yeye atamfikishia paroko. Kwa Wamoraviani tafuta mchungaji au mzee wa kanisa. Mwenyekiti wa kijiji naye ajue, maana vijana sita wageni wenye kamera jioni lazima watu waulize.

Niongeze jambo moja linaloniuma mpaka leo. Nilishawahi kuingia uwanjani na wenzangu saa 12, kengele ya Malaika wa Bwana inalia, akina mama wamesimama wanasali, sisi tunabofya tu. Marehemu baba angeniona angesikitika sana. Kengele ikilia, waambie vijana washushe kamera.

Mwanga wa Ziwa
Nipo Kigoma. Huku jua linazama kama dakika 12 au 13 baada ya Tabora, na linaingia nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo mwanga unakatika mapema kuliko saa inavyosema. Kwenu ni tambarare, mtalifaidi mpaka mwisho, ila likishazama giza haliwasubiri: dakika 20 hivi basi. Kila kijana afunge kamera yake kwenye stendi mapema.

Angalieni na paa. Bati jipya jioni linarudisha mwanga mkali mpaka ukuta unaonekana mweusi. Lililoshika kutu ni zuri zaidi.

Mzee wa Urambo
Binti yangu, kama unataka na historia, Urambo ipo. Wamoraviani walipokea kazi ya misheni ya pale mwaka 1898 kutoka London Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza. Lakini kwa jioni moja na vijana, ni mbali. Tafuta karibu.

Wa Isevya
Asanteni sana, na shikamoo mzee wangu.

Jana nimepata kigango kingine, kidogo, upande uleule wa Sikonge. Dira ilisoma 262. Jua lilizama saa 12:45, na robo saa kabla yake matofali yalikuwa rangi ya asali mbichi. Bati la zamani, nguzo hakuna. Tatizo ni moshi wa mashamba yanayochomwa, unalifanya jua kuwa jekundu na hafifu. Nimeamua tuanze mapema, saa 11.

Katekista amekubali, paroko ameshapigiwa. Hakutaka hela. Ameomba picha moja ya karatasi ya kwaya yao, kubwa, ya kutundika, kwa sababu tangu waanze kuimba hawajawahi kuwa nayo. Kwa hiyo saa 11 vijana wangu wataanza na kwaya. Jengo litafuata.