Nitafuatiliaje mabadiliko ya kijito na bwawa la mtaani?

Mkazi wa Kasarani
Wanajukwaa, hamjambo. Ninaishi karibu na Mto Gathara-ini, na nyuma ya nyumba zetu kuna bwawa dogo ambalo maji yake yamegeuka kijani. Vyura hawasikiki sana usiku kama zamani, na asubuhi povu hujikusanya penye mawe ya kijito kinacholijaza. Baadhi ya majirani wanasema ni kiangazi tu, ilhali wengine wanalaumu majitaka. Ningependa kufuatilia hali hii kwa utaratibu, bila vifaa vya maabara, ili nitakapowaendea wahusika niwe na ushahidi badala ya manung'uniko. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mkazi, anza na daftari na mahali pamoja pa kusimama. Piga picha ukiwa hapo hapo kila unapokwenda, kisha uandike saa, harufu, rangi ya maji na kama mvua ilinyesha siku zilizotangulia. Nairobi ina masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za kwanza husomba taka na udongo wa barabarani hadi mtoni, kwa hiyo usilinganishe Februari na Aprili ukadhani umegundua jambo. Linganisha Februari na Februari ya mwaka unaofuata.

Kuhusu rangi ya kijani, huo aghalabu ni mwani unaoneemeka kwa nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye majitaka au mbolea. Usiku mwani hautoi oksijeni bali huitumia, hivyo nenda alfajiri: ukiwaona samaki wakitweta juu ya maji, liandike hilo kwanza.

Gamubuti
Nakubaliana na Mwalimu, ila picha hazionyeshi wakazi wa chini ya maji, nao ndio mashahidi wazuri zaidi. Afrika Kusini kuna mbinu iitwayo miniSASS inayowawezesha raia wa kawaida kupima afya ya mto kwa kuangalia wadudu wake. Inua jiwe, lisugue taratibu ndani ya beseni jeupe lenye maji ya mto, kisha usubiri matope yatulie. Tunutu (wadudu wachanga) wapana, bapa, wenye mikia kama nyuzi na matamvua ubavuni hawastahimili uchafu mwingi, kwa hiyo kuwaona wa aina mbalimbali ni habari njema. Ukikuta mabuu mekundu ya usubi wasiouma karibu peke yao, oksijeni huenda ni haba, kwani wekundu huo ni himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, inayowasaidia kuishi mahali ambapo wengine hushindwa. Vaa gamubuti na glavu, maana konokono wa maji yaliyotuama huweza kubeba kichocho (na watoto wasiingie humo hata kidogo).

Jirani wa Mto Ngong
Mabishano ya majirani yatamalizwa na povu. Povu la majani yanayooza huwa la rangi ya kahawia na hunukia udongo, lakini la sabuni ni jeupe na harufu yake haifichiki. Andika saa linapoonekana, kisha ufuate kijito kuelekea juu hadi mahali ambapo halipo. Chunguza mawe ya juu na ya chini ya hapo kwa njia aliyoeleza Gamubuti: kiangazi kingeathiri pande zote mbili, bomba litaathiri upande wa chini tu.

Huku kwetu Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953 na ambalo zamani lilikuwa na mashua za matanga, lilifunikwa na gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini. Ukiona mimea inayoelea kwenu, pima umbali wa ukingo wake kutoka kwenye kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme.

Mkazi wa Kasarani
Ahsanteni sana. Povu huanza juu ya daraja la waendao kwa miguu, nami sijawahi kupita hapo. Jumamosi nitapanda na beseni.

Mwalimu Mstaafu
Usiende peke yako, na ukilipata bomba usiliguse. Lipige picha pamoja na alama inayotambulika, kisha upeleke daftari kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na uombe wachukue sampuli saa ile ile povu linapotokea.