Tupeane uzoefu: domeni na hosti ya kwanza ilivyokutokea puani

Mzee wa Pwani: Wakuu, nipo stesheni. Mbele yangu kijana anamtumia fundi pesa ya "tovuti", fundi anamwambia "mengine niachie mimi". Nimekumbuka mbali. Nani yalimkuta? Mwageni.

Shamba Boi: Mimi nilibadilisha zile anwani mbili za sava (nameserver), zinazoonyesha jina la tovuti lielekee kompyuta ipi, saa nne usiku, tovuti ikagoma, nikabadilisha tena, na tena, mpaka alfajiri. Kumbe ni kungoja tu mabadiliko yaenee mtandaoni, inaweza kuchukua saa 24 hata 48.

Mama Tausi: Naomba niseme yote, maana bado inaniuma. Nauza vitenge Kariakoo. 2019 nilimpa kijana laki tatu na nusu, akanitengenezea tovuti nzuri, hapo sina lawama. Domeni akaisajili kwa jina lake na imeili yake. Sikujua domeni, yaani jina la tovuti, ni kitu kimoja, na hosti, yaani pale tovuti yenyewe inapohifadhiwa, ni kingine. Nilijua nimenunua tovuti kama mtu anavyonunua cherehani.

Mwaka wa tatu, Jumatatu asubuhi, mteja wa Dodoma anapiga: "Mama, oda niliyokutumia kwa imeili imerudi." Nafungua tovuti, nakuta matangazo ya watu nisiowajua, juu yake jina la duka langu. Fundi hapatikani. Notisi zote za kulipia zilikuwa zinaenda kwake. Na wiki ileile nilikuwa nimepokea mifuko 2,000 yenye anwani ile, wino wa bluu, bado inanuka kiwandani. Nilikaa juu ya robota nikaushika mmoja, machozi yakanitoka mbele ya wateja.

Nikaipigia kampuni iliyosajili domeni, wakaniambia wanaongea na mtu iliyeandikwa jina lake tu. Ilikuwa .com, ikaja kuingia zile siku 30 za kukomboa, yaani nafasi ya mwisho ya mwenyewe kuirudisha kabla haijafutwa. Nilimtafuta kijana kupitia shangazi yake Mbagala, kumbe yuko Muscat. Tulimpata siku ya 26. Gharama ya kukomboa ilikuwa mara kadhaa ya ada ya mwaka, na nililipa.

Bint Tanga: Siku ya 26! Pole sana mama yangu.

Mwalimu Moro: Pole mama. Ndiyo maana nasema chukueni .co.tz. Wanaozisimamia wako hapahapa nchini, mtu unajua pa kugonga.

Nyali: Mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Hata huku Kenya .co.ke ikiandikwa jina la fundi, ni ya fundi. Kilichomponza mama si mwisho wa jina.

Mwalimu Moro: Sijasema inatibu kila kitu. Nimesema pa kulalamikia ni karibu.

Fundi Kombo: Tusikilizeni na sisi. Mteja anakuja hana imeili, anasema "andika yako tutabadilisha". Habadilishi. Mwaka ukiisha nampigia alipie, hapokei. Nimeshawalipia watu kwa pesa ya watoto wangu.

Nyali: Mfungulie imeili mbele yake, pasiwadi aandike mwenyewe kwenye daftari lake. Dakika kumi.

Bint Tanga: Na ule ujumbe wa kuthibitisha imeili msiupuuze. Wangu wa .com niliuacha, siku 15 zikapita, tovuti ikazimwa nikiwa msibani.

Shamba Boi: Lipieni miaka mitano kwa mpigo muwe na amani.

Fundi Kombo: Domeni sawa. Hosti usithubutu! Lipa mwezi, lipa mwaka, uwaone kwanza wanavyopokea simu. Na bekapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, weka kwako. Mteja wangu alidukuliwa, bekapu ilikuwa kwenye sava ileile, vyote vikaenda. Cheti cha usalama, kile kinacholeta https kwenye anwani, msiuziwe, Let's Encrypt wanatoa bure.

Bint Tanga: Mama Tausi, ile mifuko?

Mama Tausi: Ilitumika yote mwanangu. Domeni sasa ina jina langu, na nimelipia hadi 2030.

Mzee wa Pwani: Nimemwonyesha kijana habari ya Mama Tausi. Amempigia fundi tena, anamtajia imeili yake herufi moja moja.